Mume wangu ni mwembamba ana kitambi, mimi ni mnene. Nani kati yetu wa kuogopa presha?

Kwako mshauri wa afya,

Salamu nyingi kutoka Kawangware. Mimi ni fundi wa nguo. Nina kibanda karibu na steji, cherehani mbili na msichana mmoja wa kunisaidia, na kazi yangu kutwa ni kupima miili ya watu. Nakuandikia kwa sababu safari hii vipimo vimeniletea ugomvi nyumbani.

Mwezi uliopita kanisa letu lilileta wahudumu wa afya baada ya ibada, tukapanga foleni mimi na Baba Atieno. Mimi nikapatikana na kilo 78 na urefu wa sentimita 160. Nikaambiwa BMI yangu, ile hesabu ya uzito kwa urefu, ni 30 na ushee, kwamba nimeingia kwenye unene wa kupindukia, nijitahidi kupunguza. Presha yangu ikasoma 118 kwa 76. Mume wangu ana kilo 69 na urefu wa futi tano na inchi sita. BMI yake ikawa 24 na nusu, akapongezwa kwamba uzito wake uko sawa kabisa. Lakini presha ikasoma 148 kwa 94, na yule kijana aliyempima akamsihi aende kliniki akarudie. Hakwenda. Tangu siku hiyo wimbo ni mmoja: mashine ilikuwa mbovu, iweje mnene awe mzima halafu mwembamba ndiye awe na presha? Siku hizi hata mbele ya wageni ananiita "tani moja".

Sasa mshauri, mimi ndiye ninayemshonea huyu mtu. Nilipoanza kumshonea kiuno chake kilikuwa inchi 30. Ukimuuliza leo atakuambia ni 34, kwa sababu ndiyo namba iliyo kwenye suruali zake za mtumba. Asichosema ni kwamba anazifunga chini ya tumbo. Nikipitisha tepu juu ya kitovu napata 38, na hipsi 38 vilevile. Mikono na miguu ni ileile myembamba ya siku aliponichumbia. Kazi yake ni kuendesha lori la mizigo kutoka Industrial Area, anakaa kwenye kiti kuanzia alfajiri. Mimi kiuno changu ni 33 na hipsi 44.

Binti yetu Atieno, aliye chuoni, aliingiza vipimo vyetu kwenye simu zikatoka namba chungu nzima: kiuno kwa hipsi, kiuno kwa urefu, na nyingine ya umbo la mwili inaitwa ABSI. Kwa hiyo ABSI baba yake alipata 0.088 na mimi 0.068, akasema basi mama ndiye mzima na baba ndiye mgonjwa. Baba Atieno akajibu kwamba simu haijui presha ni nini. Shemeji yangu naye akaongeza lake, kwamba kwao Siaya wazee wanafika miaka themanini hawajawahi kusikia presha, kwa hiyo ukoo wao hauna.

Jirani yangu amenipa vidonge vya presha vya marehemu mumewe. Ameniambia niviponde nimtilie mzee kwenye uji kimyakimya, maana wanaume hawasikii.

Nisaidie. Je, tepu yangu inaweza kujua nani ana presha? Kati yangu na yeye nani yuko hatarini? Na swali la mwisho: nina daftari la vipimo vya wateja wa miaka mingi, na ninaona viuno vinavyopanda mwaka baada ya mwaka. Niwaambie au ninyamaze?

Fundi, Kawangware

Dada fundi,

Kabla ya yote, hivyo vidonge usimtilie mtu kwenye uji. Vipeleke kwenye duka la dawa au kituo cha afya wavitupe inavyotakiwa. Dawa ya presha huchaguliwa kwa kuangalia umri wa mtu, figo zake, sukari yake na dawa nyingine anazomeza. Huyu ni dereva wa lori. Presha ikishushwa ghafla bila yeye kujua, kizunguzungu kitamkuta akiwa kwenye usukani Barabara ya Mombasa. Najua jirani yako alikuwa na nia njema. Vidonge viondoke nyumbani leo hii.

Sasa tuje kwenye tepu.

Tepu haipimi presha, na hapo mume wako hajakosea. Presha inajulikana kwa ile mashine ya kufunga mkononi tu, hakuna njia nyingine. Hata mtu mwenyewe hawezi kuisikia mwilini, kwa maana wengi wenye presha hawaumwi na chochote mpaka siku mshipa unapopasuka au figo zinapochoka. Kile tepu inachoweza kufanya ni kukuonyesha nani asicheleweshe kupimwa. Na katika nyumba yenu, dada, tepu imemnyooshea kidole mwembamba.

Ninaelewa kwa nini jambo hili linamshangaza. Tumezoeshwa kuamini mizani. Ile BMI mliyopimwa kanisani ni uzito wa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita, kisha ukigawanywa tena kwa urefu huohuo. Hesabu hiyo ilitungwa katika miaka ya 1830 na Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa mtaalamu wa hesabu na nyota. Alikuwa akitafuta umbo la mtu wa wastani, wala hakuwa akitibu mtu. Jina la BMI lenyewe lilikuja mwaka 1972 kutoka kwa Mmarekani Ancel Keys. Ni hesabu inayofaa ukipima watu elfu kumi kwa pamoja. Ukipima mtu mmoja, haijui kilo zake ni za misuli, mifupa au mafuta, na haijui kabisa hayo mafuta yamekaa wapi. Kwa mizani, mafuta ya mapajani na mafuta ya tumboni ni kilo tu.

Kwa presha si mamoja. Daktari Mfaransa Jean Vague wa Marseille aliandika mwaka 1947 kwamba wagonjwa wake walionenepa sehemu za juu na tumboni walikuwa wakipata magonjwa ambayo walionenepa nyonga na mapaja hawakuyapata kwa kiasi hicho. Wenzake hawakumtilia maanani kwa miaka mingi. Leo hakuna anayebishana naye.

Mafuta ya mapajani hulala chini ya ngozi na mara nyingi hayana fujo. Mafuta ya kitambi kigumu, kile ambacho ukikibonyeza hakibonyei sana, yako ndani: yamezunguka utumbo, yamepenya kwenye ini, yamezibana figo. Figo ndizo zinazoamua chumvi na maji kiasi gani vibaki kwenye damu. Zikibanwa, na hayo mafuta yakizidi kumwaga kwenye damu kemikali zinazouambia mwili ushike chumvi na mishipa ijikaze, presha hupanda. Juu ya hapo neva zinazoupa moyo mwendo huchangamka kupita kiasi, na insulini, ile inayoshusha sukari ya damu, inaanza kupuuzwa na mwili, jambo ambalo nalo huzifanya figo zishike chumvi. Haya yote yanaweza kuendelea ndani ya mtu ambaye mikono yake ni myembamba na mizani inampongeza.

Ndiyo maana namba ya suruali ya mume wako haisemi kweli. Wewe fundi unajua kuliko mimi: wanaume wengi wenye vitambi hawapandishi namba ya suruali, wanaiteremsha suruali. Nimeshasikia mwanamume akiapa kwamba hajanenepa tangu harusi yake, na mshipi wake uko karibu kuingia kwenye mapaja. Kiuno cha kiafya hakipimwi pale mshipi ulipo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza hivi: tafuta mbavu ya mwisho kwa vidole, tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na tepu ipite katikati ya hapo pande zote mbili. Mtu asimame wima, miguu karibu karibu, apumue kawaida, nawe usome mwisho wa kutoa pumzi. Tepu iguse ngozi au shati jepesi bila kuminya. Usiweke kidole ndani kama unavyofanya ukimpa mteja nafasi ya kupumua kwenye sketi, na asivute tumbo ndani. Atavuta, wote huvuta, kwa hiyo mpigishe gumzo mpaka asahau. Na kama tepu yako ni ya kitambaa na imekula miaka, ilinganishe na rula ya chuma kwanza, kwa sababu za kitambaa hurefuka zikizeeka.

Ukimpima hivyo na bado ukapata inchi 38, hiyo ni karibu sentimita 97. Mpaka unaotumika sana kwa wanaume ni sentimita 94, na kwa wanawake 80. Hatari inahesabiwa kuwa kubwa zaidi kuanzia 102 kwa mwanamume na 88 kwa mwanamke. Lakini nikuambie kitu kuhusu hizo namba. Zilitoka kwa Wazungu, na kwa miaka mingi sisi Waafrika tuliambiwa tuziazime tu mpaka tuwe na zetu. Watafiti waliokuja kukusanya vipimo vya watu wa nchi mbalimbali za Afrika kusini mwa Sahara walipata kwamba mpaka unaofaa ni kama sentimita 81 kwa wote, mwanamume na mwanamke. Yaani kwa mwanamke haubadiliki sana, ila kwa mwanamume wa huku unashuka mpaka inchi 32. Ukimpima mume wako kwa namba hiyo, alipita mpaka zamani sana, wakati bado mkimwona kijana.

Kipimo ninachokipenda mimi, na ambacho hakihitaji simu ya Atieno, ni hiki: kiuno kisifike nusu ya urefu. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, NICE, ilianza kuwashauri watu wazima hivyo mwaka 2022. Kuanzia nusu hadi karibu sehemu sita kwa kumi hatari imeongezeka, na kuanzia sita kwa kumi ni kubwa. Uzuri wake ni kwamba ni kilekile kwa mwanamume na mwanamke, kwa mfupi na mrefu. Huhitaji hata namba: chukua uzi, mpime kutoka kichwani hadi miguuni, uukunje katikati uwe nusu, uuzungushe kiunoni. Ukikutana, sawa. Usipokutana, twende tukapimwe presha.

Baba Atieno ana inchi 66, nusu yake ni 33. Ana 38. Sehemu 0.58, amebakisha kidogo kugonga 0.6. Kiuno kwa hipsi amepata 1.0, wakati kwa mwanamume hatari huanzia 0.90. Ukiongeza na ile 148 kwa 94 ya kanisani, mimi sina cha kusubiri.

Na wewe? Nataka nikuambie ukweli bila kukutisha wala kukubembeleza. Kiuno kwa hipsi umepata 0.75, na kwa mwanamke hatari huhesabiwa kuanzia 0.85, kwa hiyo hapo uko vizuri. Hipsi zako zenyewe hazina kesi. Lakini kiuno chako cha inchi 33 kimepita nusu ya urefu wako, ambayo ni 31 na nusu, na kwa sentimita ni karibu 84, juu ya ile 80. Presha yako leo ni nzuri. Kwa hiyo huna sababu ya kukosa usingizi, ila pimwa kila mwaka, na jaribu kurudisha hizo inchi mbili. Huyo anayekuita tani moja hana la kukuambia mpaka apeleke mkono wake kwenye mashine.

Kuna jambo moja mnene huonewa kwenye kupimwa presha, na wewe unaweza kulizuia kwa tepu yako mwenyewe. Kile kitambaa cha mashine kina saizi. Kikiwa kidogo kwa mkono, presha husoma juu kuliko ilivyo. Cha kawaida cha mtu mzima hutosha mkono wa hadi sentimita 32 hivi. Pima katikati ya bega na kiwiko. Ukipita inchi 12 na nusu, mwambie muuguzi akuletee kikubwa, na usione haya kusema.

Kuhusu namba za simu. ABSI ilitungwa mwaka 2012 na Krakauer wawili, mtu na babake, huko Marekani. Walitaka kujua umbo la mtu linasema nini juu ya uwezekano wa kufa mapema, mbali na uzito wake. Kwa hiyo waliijenga makusudi ili uzito usiingie sana kwenye hesabu. Hapo ndipo ilipo kasoro kwa swali lenu, kwa sababu presha hupandishwa na uzito pia, siyo umbo pekee. Ndiyo maana watafiti walipoijaribu kutabiri nani atapata presha, mara kwa mara ilishindwa na kiuno cha kawaida, na hata na BMI inayosimangwa. Ile 0.068 isikufanye ule chipsi kwa furaha. Kuna nyingine ya mwaka 2013 inayopima jinsi mwili ulivyoviringana, nayo ukiifungua ndani utakuta ni kiuno na urefu, vitu ambavyo uzi wako umeshavilinganisha. Kwa jumla, hivi vipimo vyote havipishani sana. Kinachopishana ni kama vinaangalia tumbo au haviangalii. Mpongeze Atieno kwa kujali wazazi wake, halafu aifunge hiyo programu.

Tuje kwa mashine mbovu. Hapa namtetea mume wako nusu. Kipimo kimoja, kwenye foleni ya kanisa, mtu amesimama jua kali, anaongea na wenzake, mkono unaning'inia, shati limekunjwa likabana juu, hakiwezi kumfanya mtu mgonjwa wa presha. Ila dawa ya kipimo kibaya ni kipimo kizuri, na kukaa nyumbani ukiisimanga mashine hakukupi kipimo kizuri. Akae kwenye kiti chenye mgongo dakika tano bila kuongea. Miguu chini, asikunje nne. Mkono juu ya meza, usawa wa moyo. Kwa nusu saa kabla asinywe kahawa wala chai, asivute sigara, na awe ametoka haja ndogo, kwa sababu kibofu kilichojaa nacho hupandisha. Apimwe mara mbili kwa kupumzika dakika moja au mbili katikati, na arudi siku nyingine. Ikirudi 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, hiyo ni presha. Mkipima nyumbani kwa mashine nzuri ya mkono wa juu, mpaka ni 135 kwa 85. Na kama siku yoyote itasoma 180 kwa 120 au zaidi, pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kupinda, upande mmoja kulegea au macho kuona giza, hapo ni hospitali mara moja, usiku au mchana.

Asiseme hana nafasi. Tangu mwaka 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya wa jamii laki moja mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, na kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba. Uliza kwa mzee wa mtaa au kituo cha afya kilicho karibu nani anahudumu upande wenu, umwombe aje jioni ya Jumapili. Akija mwambie aanze na wewe, kisha msichana wa kibandani, kisha shemeji. Mume wako akiona ndugu yake amefungwa mkono hatakimbia. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha iliyopanda, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja. Kwa hiyo msishangae mkija kupata wawili badala ya mmoja.

Shemeji yako na wazee wa Siaya nisingewaruka, kwa sababu wametaja jambo lililochunguzwa hasa kwa watu wao. Katika miaka ya 1980 watafiti, akiwemo daktari Mwingereza Neil Poulter, waliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kuja kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Ndani ya miezi michache tu ya kufika mjini, presha za waliohama zilikuwa zimepanda kuliko za waliobaki. Uzito ulikuwa umeongezeka, na mkojo ukionyesha wanakula chumvi nyingi zaidi na potasiamu pungufu, ile inayotoka kwenye mboga, matunda na kunde. Ukoo ulikuwa uleule. Kwa hiyo mzee wa miaka themanini kule kijijini hawezi kumkinga mjukuu anayekula mchana wake kando ya barabara Industrial Area.

Na mchana huo ndio wa kuangalia. Sisemi ale majani. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, kijiko cha chai kimoja, ikijumlisha ile asiyoiona: ya soseji za mkononi, ya mutura, ya chipsi, ya mkate, ya vikolezo vya pakiti unavyotia kwenye mchuzi. Vikolezo hivyo ni wewe unayevitia, kwa hiyo anza na jiko lako. Ongeza kitunguu, dania, tangawizi, ndimu. Sukuma, maharagwe, ndengu na ndizi ziongezeke kwenye sahani, na ugali upungue kidogo upande wake. Soda ya saa nane na bia za Ijumaa zote hujenga kitambi, na bia ina lake na presha hata bila kitambi. Ashuke kwenye lori atembee nusu saa siku tano za wiki. Mahesabu ya utafiti yanaonyesha kila kilo inayoondoka huteremsha ile namba ya kwanza ya presha kwa kama pointi moja, na tumbo huwa la mapema kupungua mtu akianza kutembea. Lakini akipewa dawa kliniki aimeze, asiseme ngoja nitembee kwanza.

Muulize pia, au jiulize wewe unayelala naye, kama anakoroma kisha anakata pumzi halafu anashtuka, na kama anasinzia mchana. Pima kola yake. Mwanamume mwenye shingo ya inchi 17 na zaidi, mwanamke 16, yuko kwenye hatari ya kukosa pumzi usingizini, jambo linalopandisha presha, na kwa dereva ni hatari ya pili juu ya ile ya kwanza.

Ya kumshawishi, usitumie neno kitambi. Kwetu wengi bado wanakiona ni dalili ya mtu aliyejipata, na ukikigusa umemgusa heshima. Nawe usilipize ile tani moja. Ningekuwa wewe ningefanya unachojua kufanya: mshonee suruali moja nzuri ya kitambaa anachokipenda, ikae kiunoni hasa, juu ya mifupa ya nyonga, bila kumpunja. Akiivaa na kuuliza mbona namba ni 38, mweleze kwamba hapo ndipo kiuno kilipo, na umwonyeshe ule uzi usiokutana. Halafu umpe tarehe ya kupimwa, siyo hotuba.

Wateja wako waache. Mtu akija kwako amekuja kutafuta nguo, na daftari lako ni siri yake kama lilivyo faili la kliniki. Anayeuliza mwenyewe, "fundi, kwani nimeongezeka?", mjibu kweli na umwambie apime presha akipita kituo cha afya. Asiyeuliza, mshonee. Na usimsifu mwembamba kwamba yeye amesalimika, kwa sababu umri, chumvi, figo na ukoo humpa presha hata mtu asiye na tumbo.

Ni mteja mmoja tu ambaye ningekutaka uvunje kimya: mjamzito anayekuja kupanuliwa gauni. Kiuno chake hakina cha kusema juu ya presha, kiache kabisa. Lakini baada ya miezi mitano, ukiona uso na mikono vimemvimba ghafla, pete haitoki, analalamika kichwa kinamuuma kisichotulia, macho yanaona vimulimuli au anaumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, weka tepu chini na umpeleke hospitali saa hiyohiyo. Gauni atalichukua siku nyingine.